Umenunua pikipiki juzi? Anza na breki kwanza

Vijana wengi wanafundishwa pikipiki jioni moja tu, anaoneshwa klachi, gia na mafuta, akiweza kuondoka bila kuzimisha anaambiwa tayari, kesho yake yuko Morogoro Road katikati ya daladala na malori. Kusimama hakuna aliyemfundisha. Hili linaniuma sana, nenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, uone vijana waliofungwa vyuma miguuni.

Kwa hiyo kabla ya barabara kubwa tafuta uwanja wa mpira au sehemu yoyote ya wazi, halafu ukashinde na breki. Kijiweni watakwambia usiguse ya mbele itakurusha, na ndio maana watu wanakanyaga ya nyuma peke yake, tairi linaburuzika mita kibao mpaka uvunguni mwa lori. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito unahamia mbele, tairi la mbele linashika lami zaidi na la nyuma linakuwa jepesi, yaani kwenye lami kavu breki ya mbele ndio inayosimamisha pikipiki. Kinachorusha mtu ni kuikaba ghafla au kuikaba huku usukani umekata. Ibane taratibu, ukisikia imeshika ongeza, mguu usaidie nyuma, usukani umenyooka. Anza na spidi 20, nenda 30, nenda 40, rudia mpaka mkono ufanye wenyewe. Kwenye mchanga, tope au changarawe ni kinyume chake, punguza mapema kwa gia, tegemea ya nyuma, ya mbele iguse kidogo sana. Na kona je? Mwendo unapunguzwa kabla hujaingia, sio ukiwa umeshalala.

Spidi 50 inaonekana ndogo lakini kila sekunde unakata karibu mita 14, na hapo mkono bado haujafika kwenye breki. Sasa chagua nguzo, gari la mbele yako likiipita hesabu taratibu moja mbili tatu, ukiifikia kabla ya tatu umelikaribia mno. Mvua ikianza ongeza nafasi mara mbili, zile dakika za mwanzo ndio mbaya zaidi maana vumbi na oili vinachanganyika na maji, na mistari ya zebra inateleza vibaya.

Malori: kama humuoni dereva kwenye saitimira yake jua na yeye hakuoni. Usijipenyeze kushoto kwa semitrela kwenye mataa, likikata kushoto lile trela linakubana na huna pa kutokea. Anayekuja mbele yako akitaka kukata kulia kuvuka njia yako, chukulia hajakuona hata kama mmetazamana. Na barabara ya mabasi ya mwendokasi usiingie, foleni iwe ndefu vipi.

Helmeti funga mkanda jamani, isiyofungwa inatoka kichwani kabla hujafika chini. Iwe inabana mashavu kidogo, na ikishapigwa chini kwa nguvu badilisha hata kama huoni ufa.

Abiria usimbebe mpaka uwe umeizoea pikipiki mwenyewe, uzito ukiongezeka na umbali wa kusimama unaongezeka. Apande kushoto, eksozi iko kulia inaunguza mguu. Mama akiwa na dera au kanga mwombe aikusanye vizuri mapajani kabla hujaondoka, nguo ikinasa kwenye spoku au cheni mnaanguka wote. Mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hapana.

Asubuhi kagua upepo, taa ya breki na indiketa (ukishakata kona izime, haijizimi yenyewe hiyo). Cheni ishike katikati uipandishe na kuishusha, icheze kama sentimita 2 hadi 3, ikizidi hapo ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo kwa sababu ikiruka kwenye spoketi ukiwa mwendoni inaweza kukaba tairi la nyuma.