Kukodisha vifaa vya watoto kwa familia zinazosafiri: hatua kwa hatua, kutoka Mombasa

Treni ya usiku huondoka Nairobi saa nne na kuingia Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla ya alfajiri. Simama pale nje utazame familia zinavyotoka: baba na masanduku mawili, mama na mtoto mgongoni, na mwingine anamwongoza kwa mkono huku anasinzia. Saa hiyo hakuna anayeiwaza bahari. Wanawaza mtoto atalala wapi, na wanataka alale sasa hivi. Biashara yangu imesimama juu ya haja hiyo, na kama unataka kuanzisha yako, anzia hapo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bamburi. Nakodisha vitanda, vyandarua, vigari vya kusukuma na viti vya gari vya watoto, na napanga mapokezi ya familia tangu stesheni hadi chumbani. Hivi ndivyo ningeanza kama ningeanza leo.

Hatua ya 1: Jua unamhudumia nani

Nina wateja wa aina mbili. Wapo wanaotoka Nairobi likizo za shule: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Hao hukaa siku nne tano kwenye nyumba za kukodi Nyali au Diani, na hutaka kila kitu kiwe tayari kabla hawajafika. Halafu wapo wana wa Pwani waliohamia Uingereza, Kanada au nchi za Ghuba, wanaorudi kwa Idi, kwa harusi, au kuja kuona wazee. Hao hukaa wiki tatu, pengine zaidi, kwa nyanya ambaye kitanda cha mtoto cha mwisho nyumbani mwake walikilalia wao wenyewe. Usiwatoze kwa siku kama wa Nairobi, wape bei ya mwezi.

Kabla hujanunua chochote, zungumza na wazazi kumi waliosafiri na watoto mwaka huu. Waulize walibeba nini wasikitumie, na walikosa nini. Andika majibu kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu ndiyo maneno utakayoyatumia baadaye kujitangaza.

Hatua ya 2: Nunua vichache

Vitanda viwili vya kukunja, kigari kimoja chepesi, kiti kirefu cha kulia chakula kimoja na viti viwili vya gari vinatosha kuanzia. Kila kitanda kiwe na chandarua chake chenye dawa. Nairobi malaria ni kidogo sana, lakini Pwani ipo, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Kwangu kitanda hakitoki bila chandarua, hata mteja aseme nyumba ina feni.

Godoro liwe gumu na likae sawasawa, bila pengo pembeni ambapo uso wa mtoto unaweza kunasa. Mtoto mchanga hulazwa chali, bila mto. Mzazi akiniomba mto wa mtoto wa miezi sita simpi, namweleza kwa nini, na mpaka leo hakuna aliyekasirika.

Kigari unaweza kukipata soko la Kongowea kwenye mitumba kikiwa kizuri. Kikunje na kukikunjua mara kumi papo hapo, kisha kanyaga breki ukisukume. Kagua pia vyuma chini ya kitambaa, maana hewa ya chumvi ya huku hula chuma upesi.

Hatua ya 3: Kiti cha gari

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mkono wako unaposhika uhai wa mtoto wa mwenzio.

Usinunue kiti cha gari cha mtumba usichojua kimepitia nini. Kiti kilichokuwa kwenye gari lililopata ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana, na siku ya kuhitajika kisishike. Nunua kipya chenye lebo ya kiwango cha usalama cha R129 au kile cha zamani cha R44, na uangalie tarehe iliyochapwa kwenye plastiki, kwa kuwa viti vina umri wake. Andika tarehe hiyo daftarini. Ukifika mwisho, kata mikanda kabla ya kukitupa, mtu asije akakiokota akakitumia.

Kosa langu kubwa lilikuwa la Desemba ya kwanza. Mama mmoja aliniambia kwa simu mtoto wake ana miaka miwili, nami nikapeleka kiti cha mtoto wa miaka miwili. Alipofika nikaona mtoto ni mdogo wa umbo, mikanda inapita pasipofaa na kiti chenyewe kimemzidi. Nilimwacha mama yule stesheni akisubiri karibu saa nzima, alfajiri, nikirudi nyumbani kuchukua kingine. Tangu hapo siulizi umri peke yake. Nauliza urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo.

Mambo mengine usiyoyaachia bahati:

- Kwa viti vya R129, mtoto hutazama nyuma mpaka atimize angalau miezi 15. Akiendelea zaidi ya hapo, ni bora.
- Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi.
- Anayetazama nyuma, mikanda hutoka usawa wa mabega au chini yake kidogo. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu yake kidogo.
- Teksi nyingi za hapa ni magari yaliyotoka Japani. Mengine yana vyuma vya ISOFIX, vya kushikia kiti cha mtoto, kwenye kiti cha nyuma, mengine hayana. Muulize dereva akutumie picha mapema.

Kiti hufungwa mchana, kwenye mwanga, siku moja kabla. Nina madereva wawili tu, na wote nimewafundisha mwenyewe hadi wakaweza bila mimi.

Hatua ya 4: Karatasi

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uwe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, kisha kata kibali cha biashara cha kaunti. Ukianza kubeba abiria kwa gari lako mwenyewe kwa malipo, hiyo ni biashara nyingine yenye leseni na bima yake, na ukiuza safari za mbugani utahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mimi kazi hizo nawaachia wenye leseni.

Kuna jambo ambalo wengi wetu tunalisahau. Tunapokea picha za vitambulisho, majina ya watoto, na nyumba watakayolala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu, na taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Kifaa kikisharudi, nafuta picha ya kitambulisho siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Bei, arbuni na amana

Piga hesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme kitanda, godoro na chandarua vimekugharimu shilingi 15,000, na unakodisha kwa 600 kwa usiku. Toa 150 za kufua na kupeleka, zinabaki 450. Utahitaji usiku 34 kurudisha pesa yako, na msimu wa Desemba peke yake hautakupa usiku 34 kwa kitanda kimoja. Kwa hiyo usikope ukitegemea Desemba.

Chukua nusu kama arbuni ili tarehe ifungwe, na amana ndogo utakayoirudisha kifaa kikirudi kizima. Tumia namba ya Till ya biashara, ya kupokelea malipo kwa simu, pesa isichanganyike na ya unga.

Hatua ya 6: Siku ya kuwasili

Wakumbushe kukata tiketi mapema, kwa kuwa za Desemba huisha. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hasafiri kwa nauli, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu.

Mimi huwa nimeshatandika kitanda jioni ya kuamkia siku hiyo, chandarua kimefungwa, maji ya kunywa yapo, na taa ndogo iko karibu na mlango. Wanaokwenda Diani dereva huwapitisha barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia huku huku Miritini mpaka Ng'ombeni, ili wasipange foleni ya feri Likoni na mtoto aliyelala.

Dereva haulizi maswali mengi. Anasema, "Karibuni Mombasa, mama, kiti cha mtoto kiko tayari," kisha anachukua masanduku.

Hatua ya 7: Kifaa kikirudi

Fua kila kitambaa hata kama kinaonekana safi, ukianike kivulini kwa sababu jua la huku hupausha na kudhoofisha mikanda. Mikanda ya kiti cha gari ifute kwa maji na sabuni laini, usiiroweke. Magurudumu ya kigari yasuuze mchanga kwa maji baridi, ukaushe, upake mafuta.

Hatua ya 8: Watoto wako mwenyewe

Msimu wa wateja ndio likizo ya wanao. Mimi nimeziba siku tatu za Desemba kwenye kalenda na sipokei oda hata ya rafiki. Mwaka nilioshindwa kufanya hivyo, mwanangu wa kati aliniuliza kama na sisi tunaweza kukodi siku.

Hatua ya 9: Mteja wa mwaka ujao

Ukipata idhini ya mzazi, weka daftarini kipimo cha mtoto na mwezi aliokuja. Aliyekuja na miezi minane atarudi akitembea, na kitanda kile kile huenda kisimfae tena. Novemba ikianza mpigie mama yake simu. Mwambie amsimamishe mtoto ukutani bila viatu, apige alama ya penseli juu ya kichwa, apime, akutumie.