Kununua nyumba kwenye mnada wa benki Tanzania: mambo ya kukagua kabla ya kutaja bei

Tangazo la mnada wa nyumba gazetini huwa fupi: namba ya kiwanja na kitalu, eneo, namba ya hati, jina la mkopaji, siku na saa. Mara nyingi mnada hufanyika palepale kwenye nyumba, saa 4 asubuhi. Chini kabisa kuna sharti la malipo, na hilo ndilo la kusoma kwanza. Kwa kawaida mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na asilimia 75 ndani ya siku 14.

Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Nyumba ikienda kwa milioni 160, unatoa milioni 40 asubuhi hiyohiyo na milioni 120 kabla wiki 2 hazijakatika. Mkopo wa nyumba hautoki kwa kasi hiyo: benki inataka uthamini wake, upekuzi wake na vikao vyake. Ukipitiliza muda, masharti ya minada karibu yote yanasema ile milioni 40 umeipoteza na nyumba inanadiwa upya. Kama fedha yako bado iko kwenye shamba ambalo hujaliuza, subiri mnada mwingine.

Fedha ikiwepo, geukia faili. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 127, inaitaka benki impe mkopaji notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Baada ya hapo dalali naye, chini ya Sheria ya Madalali, Sura ya 227, anatakiwa kutangaza mnada wa ardhi kwa siku zisizopungua 14. Sheria hiyo ni ya zamani, na inataka tangazo lisiishie kwenye maandishi tu bali lipigiwe hata ngoma, ili asiyejua kusoma naye apate habari. Siku hizi ni gari lenye kipaza sauti linalozunguka mtaani. Nenda kitengo cha ukusanyaji madeni cha benki, omba kuona nakala ya notisi na uthibitisho kwamba ilimfikia mkopaji. Hesabu siku mwenyewe, tarehe kwa tarehe. Mkopaji akienda mahakamani kuomba zuio, hoja yake ya kwanza huwa ni hiyo notisi. Benki ikikataa kabisa kukuonyesha, lichukulie kama onyo.

Hoja ya pili ni ya mwenzi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke; kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema hivyo, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamlinda pia. Kesi nyingi za nyumba zilizonadiwa zinaanzia hapa: mke anasema hakusaini, au sahihi iliyopo si yake. Omba kuona fomu ya ridhaa. Kisha ulizia kwa mjumbe na majirani nani anaishi pale, na kama yupo mwenzi mwingine asiyetajwa kwenye fomu. Usione haya kuuliza, kwa sababu ukishalipa, wewe ndiye utakayeunganishwa kwenye kesi.

Upekuzi hufanywa ofisi ya Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati. Unatafuta jina la mmiliki, rehani iliyosajiliwa (iwe ya benki hiyohiyo inayouza), zuio lolote, na miaka iliyobaki kwenye hati. Angalia pia deni la kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo ya miaka mingi yanaweza kukuangukia wewe. Kama eneo halijapimwa na kilichopo ni leseni ya makazi au karatasi za serikali ya mtaa, punguza bei yako au achana nalo. Na nenda uone nyumba yenyewe ukiwa na mpima anayeweza kuonyesha vigingi. Hutokea hati ikasema kiwanja hiki, ukuta ukawa umeingia kiwanja cha jirani.

Kuhusu bei, wengi hukosea wakidhani nyumba ikiwa rahisi zaidi ndiyo bora zaidi. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki itafute bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Nyumba ya milioni 200 ukiipata kwa milioni 140, umenunua na kesi. Mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe thamani ya soko, kisha weka kikomo chako juu ya ule mstari wa asilimia 25 na usikivuke hata dalali akikutaja kwa jina.

Siku yenyewe, lipa kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye tangazo tu, kamwe si kwa simu ya mtu. Ondoka na risiti na cheti cha mauzo chenye bei, tarehe, na sahihi ya dalali. Ukimaliza asilimia 75, benki inakupa hati, nyaraka za uhamisho na za kufuta rehani. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya bei. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini masharti mengine humbebesha mnunuzi, kwa hiyo soma. Sajili haraka: kifungu cha 135 kinamlinda mnunuzi mwaminifu, na mkopaji aliyeonewa hudai fidia kwa aliyeuza. Ulinzi huo haumfuniki aliyejua kuna udanganyifu. Waliomo ndani wakigoma kutoka, tafuta amri ya mahakama. Usitoe vyombo vya watu nje kwa mabavu.

Mnada wa mahakama una utaratibu wake: asilimia 25 papo hapo, salio ndani ya siku 15, kisha mahakama ithibitishe. Kabla ya hapo mwenye mali anaweza kuomba mauzo yatenguliwe kwa kuweka deni lote pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi.

Na kwa wewe ambaye nyumba yako ndiyo inayotangazwa: zile siku 60 ni zako. Iombe benki kwa maandishi ikuruhusu utafute mnunuzi mwenyewe. Nyumba iliyouzwa kwa utulivu hupata bei nzuri kuliko iliyonadiwa. Unaweza kulipa deni na kuikomboa mpaka kabla nyundo haijagonga. Ikiuzwa, dai mchanganuo wa maandishi: bei, gharama za dalali, deni na riba. Kinachobaki ni chako.