Kuomba Mzumbe ukiwa Mbeya au Iringa: jina moja, namba moja ya simu

Tangu 2017 maombi ya shahada ya kwanza hayapitii tena mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Unaomba chuoni moja kwa moja, TCU inahakiki na kutangaza. Kwa Chuo Kikuu Mzumbe kila hatua inafanyika kwenye mfumo wa maombi wa chuo, na nyingi ni nyepesi. Wenye ufaulu mzuri wanaobaki nyumbani mara nyingi wamekwamishwa na vitu viwili, namba ya simu na jina.

Msimu wa maombi ukifika, steshenari za Mwanjelwa na Kabwe hujaa kuanzia asubuhi. Mhudumu ana foleni nyuma yako, kwa hiyo anakufungulia akaunti kwa barua pepe ya duka na pengine kwa namba yake mwenyewe. Analipa, anachapa, anakukabidhi karatasi, nawe unarudi zako Ileje au Makete. Majina yakitangazwa na ukawa umechaguliwa vyuo viwili au zaidi, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe huo unaingia kwenye simu ya mhudumu ambaye hata sura yako haikumbuki. Siku za kuthibitisha ni chache, zikipita nafasi imekwenda.

Kwa hiyo usikae kwenye kiti cha steshenari bila laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi unayeishi naye, barua pepe uliyoifungua mwenyewe, na nywila uliyoiandika kwenye daftari. Mwambie mhudumu kwa upole, "Kaka, naomba tuweke namba yangu," kisha soma tarakimu zote kwenye kioo kabla hajabonyeza. Ujumbe usipofika siku ya kuthibitisha, ingia kwenye akaunti yako ya chuo kilichokuchagua uombe utumiwe namba nyingine. Ndiyo maana nywila iwe mkononi mwako.

Akaunti inafunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka. Mfumo unavuta matokeo NECTA, Baraza la Mitihani, wenyewe. Uliyerudia mtihani, ingiza namba zote mbili, lakini amua mapema ipi ni ya kwanza, maana hiyohiyo ndiyo utakayoitumia Bodi ya Mikopo. Ukiomba chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, mifumo itakuona kama watu wawili. Waliosoma ng'ambo ya Tunduma au Kasumulu, Zambia na Malawi, waanzie NECTA kupata ulinganifu wa vyeti vyao, tena wasisubiri dirisha la chuo lifunguke.

Sifa ya chini kwa kidato cha sita ni principal mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa kiwango kikuu, zenye jumla ya pointi 4.0, yaani D mbili zinatosha, lakini ziwe kwenye masomo yanayotajwa na programu husika. Kitabu cha mwongozo cha TCU kinaonyesha masomo hayo kwa kila programu. Wa stashahada wanahitaji GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Hapa ndipo wengi wa uhasibu na utumishi wanapopoteza awamu nzima. AVN haitoki mpaka chuo ulichosoma kiwe kimepeleka matokeo yako ya mwisho. Ukiona mfumo unagoma, usikae kuujaribu kila siku. Nenda ofisi ya taaluma ya chuo chako, uliza matokeo ya mkupuo wenu yamepelekwa lini, na ukiambiwa bado, uliza nani anayashughulikia.

Malipo ya maombi ni Sh 10,000 kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Kabla ya kuweka neno la siri, simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Tunza ujumbe wa malipo hadi siku ya usajili.

Kwenye kuchagua programu, tulia. Mzumbe ina ndaki, yaani matawi ya chuo, Mbeya na Dar es Salaam, na kampasi kuu ipo Morogoro. Programu zinazofanana jina zinaorodheshwa kwa kila ndaki peke yake. Mtu wa Uyole anayetaka kusoma sheria akitokea nyumbani, asipotazama neno "Mbeya" mwishoni mwa mstari, atajikuta anatafuta chumba Morogoro, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwao.

Sasa jina. Majina ya huku kwetu yanaumia sana kwenye makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ambakisye Mwakyusa, cheti cha kidato cha nne Ambakisie Mwakiusa, na NIDA, wa vitambulisho vya taifa, wameandika la tatu. Herufi moja inatosha kusimamisha mkopo. Chukua cheti cha kidato cha nne kama msingi, kwa sababu ndicho kila mfumo unachokisoma, kisha linganisha vingine nacho. Jina likiwa tofauti kabisa, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Fanya haya wakati unasubiri matokeo.

Mkopo una dirisha lake na ada yake, Sh 30,000, wala hausubiri chuo kikuchague. Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwanza. Fomu inataka sahihi yako, ya mdhamini, ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu. Mwenyekiti wa kijiji msimu wa mavuno yuko shambani, kwa hiyo mpigie simu mapema na umkumbushe kubeba muhuri. Ukurasa wenye muhuri uliofifia usiuskani. Mwombe agonge upya.

Kwa waliopangiwa kampasi kuu, basi la Dar linapita Iringa na Mikumi, nawe unashuka Sangasanga kabla ya kufika Morogoro mjini. Mwambie konda "chuo kikuu", kwa sababu kuna Mzumbe sekondari pia. Wazee wanakijua chuo kwa jina la IDM (Institute of Development Management), lililodumu tangu 1972 hadi 2001. Vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi, visiwekwe kwenye buti la basi, na kila kimoja kiwe na nakala tatu zilizogongwa muhuri wa wakili kabla hujatoka Mbeya.