Kusafiri nje ya nchi wakati wa mlipuko wa homa ya mafua, ukianzia Arusha au Moshi

Wengi huogopa ndege. Sisi tunaogopa zaidi basi dogo la kwenda Nairobi kupitia mpaka wa Namanga: abiria wamebanana saa tano au zaidi, na ikifika Juni na Julai, kwa baridi ya Arusha, hakuna anayekubali kufungua dirisha. Ndege kubwa ikiwa angani hewa yake hubadilishwa na kuchujwa kila baada ya dakika chache. Kwenye basi, kikohozi cha mmoja ni cha wote. Kama nauli inaruhusu, panda ndege KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Kama ni lazima basi, kaa dirishani, acha upenyo wa vidole viwili, na usivue barakoa mpaka mshuke.

Barakoa nayo ina namna yake. Bana waya wa juu kwa vidole viwili mpaka ulale kwenye mfupa wa pua. Ukivaa miwani ikaingia ukungu, ujue hewa inapita juu na barakoa haijakaa sawa. Ikilowa, badilisha, kwa safari ya siku nzima beba sita.

Chanjo ya mafua ichomwe angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, maana mwili huhitaji muda huo kujenga kinga. Wasiopaswa kuikosa ni wajawazito, wazee, watoto wadogo na wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Kadi ya njano wanayoulizia mipakani ni ya homa ya manjano; haikukingi na mafua hata kidogo.

Mkobani weka kipimajoto cha betri, tishu, parasetamoli, na kitakasa mikono chenye spiriti asilimia 60 au zaidi. Chupa isizidi mililita 100, la sivyo itabaki kwa wakaguzi.

Sasa kosa kubwa: mtu ana homa, anameza parasetamoli ili apite kwenye kipima joto cha uwanjani. Joto linashuka, virusi vipo palepale, na baada ya saa nne hadi sita homa inarudi akiwa angani, amezungukwa na watu. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla ya kujisikia vibaya na huendelea siku tano hadi saba. Ukiwa na homa, ahirisha. Piga simu kwa shirika la ndege kabla ya muda wa kuondoka, kwani kutotokea kabisa mara nyingi hugharimu zaidi kuliko kubadili tarehe. Safiri homa ikiwa imekwisha kwa saa 24 bila dawa.

Ukiugulia ugenini, mtu mzima anameza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Soma boksi la dawa yoyote ya mafua kwanza. Nyingi zina parasetamoli ndani, na ukijumlisha bila kujua unaumiza ini. Mtoto asipewe aspirini. Kama una maradhi ya kudumu au una mimba, muone daktari ndani ya saa 48 tangu uanze kuugua, kwa sababu dawa ya kupambana na virusi hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Kukosa pumzi, kifua kubana au kuchanganyikiwa si jambo la kusubiri asubuhi.

Kwa wageni wanaopanda Kilimanjaro: msipande na homa. Wapagazi hulala wengi kwenye hema moja. Na kikohozi kinachokuja na kukosa pumzi hata mtu akiwa amekaa kinaweza kuwa maji kwenye mapafu kutokana na urefu wa mlima. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Mwisho, homa si mafua tu. Ukiugua huko uendako, mwambie daktari mapema kwamba umetoka Tanzania na uombe kipimo cha malaria, maana daktari wa Ulaya katikati ya mlipuko anaweza asiifikirie kabisa.