Kukagua nati kubwa za magurudumu ya nyuma kwenye Volkswagen Beetle

Nimeandika haya baada ya kumsaidia jirani ambaye Beetle yake ilikuwa ikigonga nyuma kila akiachia klachi, hasa akitoka rivasi kwenda mbele. Alishaambiwa ni giaboksi. Kabla ya kufungua giaboksi, kagua nati.

1. Egesha mahali tambarare, weka gia, vuta handbreki, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Usipige jeki! Nguvu utakayotumia inaweza kuliangusha gari. Isitoshe, kulitikisa gurudumu likiwa hewani hakutoshi, maana nati inaweza kulegea na gurudumu lisicheze.

2. Bandua kofia ya gurudumu. Ukikuta vumbi jekundu la kutu kuzunguka nati, meno ya eksili (mhimili wa gurudumu) na ya dramu ya breki, ambayo hushikana, yameshaanza kusagana.

3. Chomoa kotapini, yaani pini inayopita kwenye mapengo ya nati na tundu la eksili ili nati isifunguke. Ikikatikia ndani, isukume itoke kwa msumari uliokatwa ncha.

4. Sasa kukaza, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye eksili. Chukua boksi (spana ya kuvika juu ya nati) namba 36 yenye mkono wa robo tatu inchi; wa nusu inchi unaweza kukatika. Nati inatakiwa kukazwa kwa takriban Nm (nyutoni mita) 294, sawa na uzito wa kilo 30 kwenye ncha ya mkono wa mita 1. Spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, ya kufikia hapo ni ghali, kwa hiyo chomeka bomba la chuma na utumie uzito wako: mwenye kilo 60 akanyage sentimita 50 kutoka katikati ya nati, mwenye kilo 75 sentimita 40. Bomba lilale sawa na ardhi, kwa sababu likiinama hesabu inaharibika. Kanyaga taratibu huku umeshika gari, usirukeruke. Pande zote mbili za nyuma hukazwa kwa kufuata mshale wa saa.

Mstari wa rangi ukibaki pale pale, nati ilikuwa sawa. Ukisogea, ilikuwa imelegea.

Halafu tundu la kotapini. Mara nyingi halitalingana na pengo la nati, na kishawishi ni kurudisha nyuma kidogo ili pini iingie. Usifanye hivyo kamwe! Endelea kukaza mbele mpaka pengo linalofuata, hata kama itabidi usogee mbali zaidi kwenye bomba. Nati hii ndiyo inayobana dramu, beringi na sili kwa pamoja. Ikirudi nyuma kidogo tu, dramu inaanza kucheza kwenye meno, na oili ya giaboksi inaweza kuvujia kwenye breki.

Nyundo na patasi siziruhusu kabisa kwenye nati hii. Zinaharibu pembe zake na hazikuambii umekaza kiasi gani. Bunduki ya upepo (mashine ya kuzungusha nati) nayo itumie kufungulia tu, si kukazia.

5. Weka kotapini mpya, kunja miguu yake.

Kama nati ilikuwa imelegea, vua dramu uangalie meno. Yakiwa yamechongoka, badilisha dramu, na kama ya eksili nayo yameliwa, badilisha vyote viwili. Kukaza peke yake hakutaponya. Dramu mpya hukaa vizuri baada ya gari kutembea, hivyo rudia hatua ya 4 baada ya kilomita chache za kwanza.