Jinsi ya kuchagua vifaa vya baiskeli ya mlimani ya shokapu mbili kwa pesa kidogo

Natengeneza baiskeli Arusha, na swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni hili: "Fundi, nina kiasi hiki, nataka baiskeli ya mlimani yenye shokapu mbele na nyuma. Nianzie wapi?" Mwulizaji huwa ameshachagua gia. Ameona kaseti (fungu la gia za gurudumu la nyuma) ya spidi kumi na mbili inang'aa, akaipenda, na hapo ndipo nusu ya pesa yake inapotaka kuishia. Mimi huanzia kwingine. Gia ni kitu cha kuchakaa, utakibadilisha tu. Fremu, shokapu na breki utakaa navyo miaka.

Kuna mambo mawili ya kuyajua mapema. Kwanza, baiskeli nzima kutoka kiwandani karibu kila mara ni rahisi kuliko kununua kifaa kimoja kimoja, kwa sababu kiwanda kinanunua kwa maelfu. Kuunga mwenyewe kunalipa pale unapopata fremu nzuri iliyotumika pamoja na shokapu yake, au ukiwa na vifaa vya kuhamisha kutoka baiskeli ya zamani. Pili, baiskeli mpya ya bei ya chini kabisa yenye "shokapu mbili" mara nyingi nyuma ina springi tupu isiyo na mafuta ndani. Inakurusha kama godoro na inakula nguvu zako kwenye mlima. Kama pesa haivuki kiwango hicho, chukua baiskeli nzuri yenye shokapu ya mbele tu. Nasema hivi hata kwa mteja aliyekuja na pesa mkononi.

Hatua ya 1: Andika unapopita, si unapotamani kupita

Huku kwetu safari ya kawaida ni kupanda kutoka Ilboru au Sakina kwa njia za migomba na kahawa, kisha kushuka kwa muda mrefu juu ya mizizi, mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Kiangazi kuna vumbi jembamba la volkano. Masika kuna tope. Kwa njia za namna hii gurudumu linahitaji kupanda na kushuka milimita 120 hadi 140. Mia moja inatosha mwenda mbio. Mia sitini ni ya anayeshuka kwenye mawe makubwa, na atailipia kwa jasho kila anapopanda.

Chini ya maelezo hayo andika jumla ya pesa yako. Toa kwanza usafirishaji, ushuru, pampu ya shokapu na kofia ngumu. Uliza ushuru kabla ya kuagiza. Kinachobaki ndicho bajeti yako halisi. Kama unaunga mwenyewe, mimi hupendekeza karibu nusu iende kwenye fremu na shokapu zote mbili, sehemu ya tano kwenye magurudumu na tairi, na breki zitengewe fungu lake kabla ya gia.

Hatua ya 2: Fremu, ukiwa na rula mkononi

Kwa fremu iliyotumika chagua aluminiamu. Kaboni ikishagongwa, ufa unaweza kujificha chini ya rangi, na hapa hatuna pa kuupiga picha ya ndani. Kwenye aluminiamu osha, futa, kisha pitisha kucha polepole pembeni ya kila weldi, hasa penye maungio ya mkono wa nyuma na pale shokapu inapofungwa. Mstari mwembamba mweusi unaokamata kucha ni ufa. Iache fremu hiyo, hata wakikupunguzia.

Halafu pima, au mwombe muuzaji apime akutumie picha ya rula. Ekseli ya nyuma iwe milimita 12 kwa 148, maana ndiyo yenye magurudumu mengi sokoni. Penye krenki (mikono ya pedali), chagua fremu yenye uzi wa kufungia, upana milimita 73. Zile za kugongea beringi ndani huanza kulia mapema kwenye vumbi letu. Bomba la usukani liwe pana chini kuliko juu ili lipokee uma (shokapu ya mbele) wa kisasa. Kipenyo cha bomba la siti kiandike: huwa 30.9 au 31.6, na utakihitaji baadaye. Kama fremu ina hanga (kipande kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma) ya UDH, ile ambayo kampuni ya SRAM waliianzisha mwaka 2019, ni neema, kwa kuwa inatumiwa na viwanda vingi. Kama ina hanga yake ya pekee, nunua mbili papo hapo.

Beringi za maungio zisikuogopeshe. Nyingi zina namba za kawaida, kwa mfano 6902 au 6802, na namba imeandikwa kwenye kizibo chake. Duka la beringi za magari na mashine linaweza kuwa nazo. Taja namba na omba zenye mpira pande zote mbili. Za kiwandani mara nyingi hujazwa gololi nyingi zaidi kwa sababu maungio hayazunguki, yanachezacheza tu, na uzito unaangukia gololi zilezile. Hizi za kawaida zitakufa mapema kidogo, lakini utakuwa barabarani kesho badala ya kusubiri kifurushi wiki nne.

Hatua ya 3: Shokapu ya nyuma

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza pesa, kwa hiyo nenda nami taratibu.

Shokapu ina vipimo viwili. Cha kwanza ni urefu wote, kutoka katikati ya tundu la bolti ya juu hadi katikati ya tundu la chini. Cha pili ni mwendo wake, yaani milimita ngapi inaweza kubonyea. Fremu yangu ilitaka 210 kwa 50. Muuzaji alinihakikishia kuwa "mia mbili na kumi zote ni sawa," nikanunua 210 kwa 55. Ilifunga vizuri kabisa. Kwenye bonde la kwanza ilibonyea hadi mwisho, tairi ikagonga bomba la siti na kuchuna rangi hadi kwenye chuma. Milimita tano kwenye shokapu zinazidishwa na mkono wa fremu: kama gurudumu linasafiri 130 na shokapu 55, kila milimita ya shokapu ni karibu 2.4 za gurudumu. Tano zile zilikuwa karibu kumi na mbili kwenye tairi, na nafasi hiyo haikuwepo. Nyingi za urefu huo hutofautishwa na kipande cha plastiki tu ndani, hivyo tuliirekebisha, lakini kwa gharama ya kazi isiyo ya lazima. Pima vyote viwili. Pima pia upana wa vipande vya kufungia juu na chini, maana hivyo navyo vinatofautiana.

Kati ya upepo na springi, mwenye pesa kidogo achukue upepo. Springi inafanya kazi kwa ulaini mzuri sana, ila inachaguliwa kwa kilo zako. Ukikosea unanunua nyingine. Ya upepo unaipimia kwa pampu, na ukimuuzia rafiki mwenye kilo tisini, naye anapampu tu. Ulizia kama seti ya mipira ya modeli hiyo bado inauzwa. Isipouzwa, shokapu hiyo ni ghali kwa bei yoyote.

Hatua ya 4: Uma wa mbele

Uma wenye mabomba membamba ya milimita 32, kama RockShox Recon, unafaa kwa mwendo wa 120 na njia za wastani. Kwa 130 au 140 na mtu mwenye mwili, tafuta 34 au 35: Marzocchi Bomber Z2 na RockShox 35 Gold ni za bei ya chini zinazofanya kazi ya kweli. Kama utapata RockShox Pike iliyotumika na iliyotunzwa, ichukue kabla ya mpya ya daraja la chini. Kwanza, kagua mabomba kwenye jua. Mkwaruzo unaokamata kucha utakata mpira na kuvujisha mafuta. Pili, pima shina la usukani: likiwa limekatwa fupi kwa fremu ya mwenye kimo kidogo, halitafika kwenye fremu yako, na hakuna kuliongeza.

Ekseli iwe 15 kwa 110. Tenga pia pesa ya huduma. RockShox wanataka mafuta ya chini ya uma yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi la Agosti mimi hufanya mapema zaidi, na ni kazi ya nusu saa ukishaizoea.

Hatua ya 5: Breki

Usibane hapa. Mteremko wa nusu saa unachemsha breki ndogo hadi mkono wa breki unalegea, na ukiwa kwenye mifereji ya mvua hutaki kujifunza hilo.

Breki za Shimano za bei ya chini zenye pistoni nne, kama MT420 na MT520, zinatosha kabisa. Diski ya mbele iwe milimita 203 na ya nyuma 180, ukihakikisha uma na fremu zinaruhusu. Kabla ya kununua angalia maandishi kwenye diski, kwa sababu diski za rahisi zaidi zimewekewa sharti la pedi za rezini tu. Pedi za rezini ni kimya na zinashika vizuri, lakini tope la masika linazimaliza haraka. Ukiwa na diski inayokubali pedi za chuma, una uhuru wa kubadili kwa msimu.

Halafu fikiria mafuta. Shimano wanatumia mafuta ya madini, ambayo itabidi uagize. Chupa ndogo inakaa muda mrefu. Breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, na DOT 4 au 5.1 iko kwenye kila duka la spea za magari. Hiyo ni faida ya kweli kwa anayeishi mbali na mji. Ila DOT inanyonya unyevu hewani, hivyo inahitaji kubadilishwa mara kwa mara, na inababua rangi ya fremu. Usichanganye kamwe: DOT kwenye breki ya madini, au kinyume chake, inavimbisha mipira ya ndani na breki imekufa. DOT 5 isiyo na pointi moja ni ya silikoni; hiyo usiiguse.

Hatua ya 6: Gia, sasa ndiyo zamu yake

Swali la kwanza si spidi ngapi, ni habu yako ya nyuma inapokea kaseti gani. Frihabu (sehemu ya habu inayoshika kaseti) ya kawaida ya HG, ile iliyojaa kila mahali, inapokea kaseti ya Shimano Deore M5100 ya spidi 11 yenye meno 11 hadi 51, na pia microSHIFT Advent X ya spidi 10 yenye 11 hadi 48. Deore M6100 ya spidi 12 inaanzia meno 10, na hiyo inadai frihabu ya aina nyingine, Micro Spline. Kama habu yako ni ya HG, "gia rahisi" ya spidi 12 inakuja na bili ya habu nyuma yake.

Kwa miinuko ya Meru nafunga meno 30 mbele na 51 nyuma, na mtu wa kawaida anapanda akiwa amekaa. Spidi 11 zinatosha. Nunua pamoja nayo kipimo cha mnyororo. Kwa spidi 11 na 12 badilisha mnyororo ukifika asilimia 0.5 ya kurefuka. Mnyororo mmoja uliobadilishwa kwa wakati unaokoa kaseti, na kaseti ndiyo ya gharama.

Hatua ya 7: Magurudumu na tairi

Rimu upana wa ndani milimita 30, spoki 32, na spoki ziwe za kawaida zenye shingo iliyopinda, ambazo fundi yeyote ana uwezo wa kuzipata na kuzikata. Habu nzito yenye beringi zinazobadilishika ni bora kuliko nyepesi ya jina.

Tairi ya mbele ndiyo inayokuzuia usianguke kwenye kona, kwa hiyo weka pesa mbele kwanza: Maxxis Minion DHF ya 2.5 nimeitumia misimu mingi na inashika kwenye vumbi na tope. Ya nyuma iwe ya bei nafuu zaidi, itachakaa tu. Fanya zote ziwe tyublesi, zisizo na tyubu ndani. Kwa miiba ya migunga hii si anasa. Dawa ya kuzibia inakauka upesi kwenye joto, hivyo fungua uangalie kila miezi miwili.

Hatua ya 8: Vilivyobaki

Usukani, siti, pedali: chukua vya aluminiamu vya kawaida, au hamisha vya zamani. Nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ndiyo pekee ninayoisisitiza, ya waya, kipenyo kile ulichoandika kwenye hatua ya 2.

Hatua ya 9: Kuunga na kupima

Kabla ya kupampu shokapu ya nyuma, toa upepo wote na ubonyeze fremu hadi mwisho kwa mkono. Tairi, fremu na waya visigusane popote. Hapo ndipo ningeligundua kosa langu bila kuumiza rangi.

Kisha pampu. Vaa kama unavyopanda, na begi na maji mgongoni, kaa taratibu, sogeza kipete cha mpira kwenye shokapu hadi juu, shuka bila kurukaruka. Kwa shokapu ya mwendo wa 55, kipete kiwe kimesogea kama milimita 16, yaani asilimia 30. Mbele iwe asilimia 20 hadi 25. Andika PSI (kipimo cha upepo kwenye pampu) ulizofikia kwenye kipande cha teepu chini ya fremu, na baada ya safari ya pili rudia kukaza bolti zote za maungio kwa nguvu iliyoandikwa juu yake, ukianza na ile kubwa iliyo karibu na krenki.