Kurusha ndege mpya ya rimoti kwa mara ya kwanza, hatua kwa hatua

Ndege mpya ikianguka siku ya kwanza, mara nyingi kosa lilishafanyika chini, kabla propela haijazunguka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ndege haijaondoka mezani. Safari ya kwanza ina kazi tatu tu: kuipandisha, kuirekebisha mpaka iende sawa bila kushikiliwa, na kuishusha ikiwa nzima. Nazungumzia ndege ya umeme ya kujifunzia, yenye mota moja puani, eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoiegemeza upande), eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na usukani wa mkia.

Hatua ya 1: Pima kitovu cha uzito

Hapa usiwe na haraka. Weka kila kitu mahali pake, betri ikiwemo, kama ndege inaondoka sasa hivi. Kitabu chake kitakuonyesha alama ya kitovu, yaani pale ndege inapotulia sawa mbele na nyuma ikishikiliwa. Kama hakuna kitabu, kwa bawa la kawaida lililonyooka kitovu huwa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa (ukingo wa mbele hadi wa nyuma), ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa lenye upana wa milimita 200, anza na milimita 54 hivi. Weka alama kwa tepu chini ya kila bawa, kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili. Ikitulia sawa, au pua ikainama kidogo, vizuri.

Mkia ukishuka, usiirushe. Ndege yenye mkia mzito hurukaruka kwa mguso mdogo tu wa eleveta, pua hunyanyuka yenyewe, kasi inakwisha na bawa moja linaanguka. Sogeza betri mbele kwanza; uzito wa ziada uongeze pale tu betri imefika mwisho na mkia bado unashuka.

Hatua ya 2: Hakikisha kila kitu kinageukia upande wake

Vua propela. Washa rimoti kwanza, ndipo uunganishe betri ya ndege. Wakati wa kuzima, anza na ndege. Simama nyuma ya mkia.

Vuta kijiti cha eleveta kwako: eleveta ipande juu. Peleka kijiti cha eleroni kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Peleka usukani kulia: ugeuke kulia. Usitosheke kuona vitu vinacheza. Taja upande kwa sauti kabla ya kusogeza kijiti, kisha uangalie. Eleroni zilizogeuzwa ndizo wengi hawazioni, kwa sababu mezani zinacheza vizuri kabisa.

Ndege yenye jairo (kifaa kinachoisawazisha chenyewe) inahitaji jaribio la pili, maana jairo inaweza kuwa kinyume hata kama vijiti viko sawa. Ishike mkononi, inamishe bawa la kulia ghafla: eleroni ya kulia inatakiwa ishuke, ili kulinyanyua bawa hilo. Inamisha pua: eleveta ipande.

Mwisho, zima rimoti makusudi huku mota inazunguka bila propela. Mota isimame yenyewe. Kama inaendelea, rekebisha mpangilio wa risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya ndege) kabla ya kwenda popote.

Kwenye rimoti, punguza mwendo wa eleroni na eleveta hadi asilimia 70 hivi, na weka ekspo (mpangilio unaopunguza ukali wa kijiti) ya asilimia 30 ili katikati ya kijiti pawe papole.

Hatua ya 3: Uwanjani

Chagua asubuhi au jioni yenye upepo mdogo, eneo wazi panaporuhusiwa kurusha, na jua liwe mgongoni. Rudisha propela, maandishi yake yakitazama mbele. Weka rimoti kwenye hali ya kupima umbali, mwenzako aishike ndege, nawe tembea kama mita 30 huku ukichezesha vijiti. Rudia mota ikiwa inazunguka. Servo (mota ndogo zinazosogeza eleroni, eleveta na usukani) zikitetemeka, leo hakuna kuruka.

Weka saa ya rimoti dakika 4, ikukumbushe kushuka.

Hatua ya 4: Kuondoka

Elekeza pua upepo unakotoka. Ongeza nguvu taratibu. Ndege itataka kuvutwa kushoto, isahihishe kwa usukani. Iache ishike kasi, kisha vuta eleveta kidogo tu. Kuivuta kwa nguvu ikiwa bado haina kasi ni kuiita chini. Kwa ndege ya kurushwa kwa mkono, mrushaji aisukume mbele ikiwa sawa na ardhi, asiitupe angani, na vidole vyako visitoke kwenye vijiti.

Panda pole pole hadi mita 40 au 50, ukigeuka kuelekea mbali na watu. Ndege isipite nyuma yako.

Hatua ya 5: Kuinyoosha angani

Shusha nguvu hadi zaidi kidogo ya nusu. Ikiegemea upande, gonga trimu ya eleroni (kitufe cha marekebisho madogo kwenye rimoti) mara mbili tatu, kisha tazama. Halafu eleveta. Macho yabaki kwenye ndege. Kama huna uhakika na kitufe, mwenzako akubonyezee.

Ikija kwako, kushoto na kulia vitakuchanganya. Peleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka.

Ikishatulia, ukiwa juu bado, punguza nguvu na uvute eleveta polepole mpaka mabawa yashindwe kuibeba. Angalia inavyoanguka: pua tu, au bawa moja? Achia kijiti, ongeza nguvu. Sasa unajua kasi ambayo usiifikie ukiwa karibu na ardhi.

Hatua ya 6: Kutua

Usingoje betri ilegee. Njoo ukielekea upepo, toka mbali, mabawa yakiwa sawa. Nguvu ya mota ndiyo inayopandisha na kushusha; eleveta inashika kasi. Ukiona uko juu mno au umepinda, ongeza nguvu uzunguke tena, hata mara tatu. Karibu na ardhi, punguza nguvu na uinue pua kidogo.

Hatua ya 7: Kabla ya safari ya pili

Gusa mota na betri: joto la kawaida ni sawa, ila kama huwezi kuacha kidole hapo, tafuta sababu. Kaza skrubu. Pale trimu ilipohamia, rekebisha waya wa servo mpaka eleroni zikae hivyo huku trimu ikirudi katikati.

Kisha chaji betri uone imerudishiwa kiasi gani. Betri ya mAh 2200 (mAh ni kipimo cha umeme inaobeba) ikipokea 1100 baada ya dakika 4, inatumia 275 kwa dakika. Asilimia 80 yake ni 1760, yaani dakika 6 na ushee. Weka saa dakika 6.

Kama ilihitaji trimu nyingi ya eleveta juu, pua ni nzito: rudisha betri nyuma milimita 5, usibadilishe kitu kingine chochote, kisha uruke tena.